Radhi Moja kwa Watu Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna amalize kutafuna, kwa maana nikifika mwisho nitanyamaza mimi na mtasema ninyi. Kisa hiki nilisimuliwa na mtu aliyekuwapo, nami nawapa kama nilivyopewa.

Walikuwako Waafrika watatu katika mji wa Ansan, huko Korea Kusini, mji wa viwanda usio mbali na Seoul. Kila mmoja alikuwa amejaliwa kitu chake.

Sikudhani, binti wa Lindi, alijaliwa ulimi. Alikwenda Korea kusoma, akapanga chumba kwa bibi mmoja mjane mwenyeji wa mkoa wa Jeolla. Bibi yule alipenda mazungumzo kuliko chakula, na Sikudhani akaokota Kikorea chake pamoja na lafudhi yake yote. Alipomaliza masomo aliajiriwa kuwa mkalimani wa wageni wanaougua, mara kwa simu, mara kwa kwenda nao hospitali. Wazee wa Kikorea waliomsikia kwenye simu walimuuliza, "Mwanangu, wewe ni wa kijiji gani kule Jeolla?"

Mokaya, mtu wa Kisii, alijaliwa subira. Alifanya kazi katika kiwanda cha vioo vya magari, kwenye mashine yenye joto ambayo wenzake waliikimbia baada ya majuma machache. Yeye alisimama pale miaka. Hakuwa msemaji. Ukimuudhi alikutazama, akageuka, akaendelea na kazi, na wewe ndiye uliyebaki ukijisikia vibaya.

Byamungu alitoka Uvira, Kongo, pembeni mwa Ziwa Tanganyika. Huyu alijaliwa mwili. Alifundisha ngoma katika ukumbi wa mtaa, na wanafunzi wake walikuwa watoto wa shule na akina mama wa Kikorea. Aliyeingia amenuna alitoka anatikisa mabega.

Watatu hawa walijuana dukani kwa Mghana mmoja aliyeuza unga wa ugali na mawese. Wakawa ndugu, kama watu wanavyokuwa ndugu ugenini.

Basi siku moja kituo cha televisheni kikampelekea Byamungu mjumbe. Mjumbe alikuwa dada mmoja aitwaye Noh, mtayarishaji wa vipindi, mtu wa adabu na sauti ya chini. Akasema kwamba Pyo Gitae, mchekeshaji ambaye nchi nzima ilimjua, alitaka kujifunza ngoma ya Kiafrika kwa ajili ya kipindi kipya.

Byamungu alifurahi. Alikuwa amechoka kuona kwamba mgeni mweupe akialikwa kwenye televisheni ya nchi ile huulizwa maoni yake, na mgeni mweusi huulizwa kama kwao kuna simba. Kwenye tamthilia Mwafrika alipita akikimbizwa na polisi, au alikuwa amesimama nyuma ya mtu bila neno. Akajiambia kwamba safari hii wataona kitu kizuri. Akachagua kilicho bora alichokuwa nacho, mchezo ambao shangazi zake huucheza mbele ya bibi harusi anapotolewa ndani, mabega yakienda polepole kama maji ya ziwa asubuhi.

Pyo alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Alimwita Byamungu mwalimu, akamkabidhi kikombe cha chai kwa mikono miwili kama wafanyavyo kwa wakubwa. Akauliza, "Hivi ndivyo watu wa Afrika wanavyocheza?" Byamungu akacheka, akasema, "Hivi ndivyo wanavyocheza kwa shangazi zangu." Simu yake ilikuwa imeegeshwa dirishani ikirekodi, ili apate kumwonyesha mama yake.

Jioni ya kipindi, wanafunzi wote walikusanyika ukumbini kutazama kazi ya mwalimu wao. Pyo akatokea kwenye skrini. Alikuwa amepaka uso na mikono rangi nyeusi tititi, midomo ameipaka nyekundu hadi mashavuni, amevaa wigi la nywele za kipilipili na sketi ya majani. Jina lake katika kichekesho lilikuwa Bungala. Hakuwa na neno jingine ila hilo, "bungala, bungala". Alikula sabuni akidhani ni jibini. Aliikimbia ngazi ya umeme akilia. Kisha akacheza, na mchezo ulikuwa uleule wa mabega, ila sasa alijikuna makwapa na kurukaruka kwa miguu iliyopinda.

Watoto wale wakainuka wote wakacheza pamoja naye. Walijua hatua zote. Waligeuka kumtazama Byamungu wakiona fahari, kwa kuwa mwalimu wao ametokea kwenye televisheni. Naye alicheka pamoja nao, maana hakujua afanye nini kingine na uso wake.

Kabla ya juma kwisha neno lile lilikuwa limefika kila mahali.

Lilifika kiwandani. Msimamizi wa zamu, mtu ambaye siku nyingine hugawa matunda yake ya chakula cha mchana, alimwita Mokaya Bungala mara moja kwa mzaha, na watu wakacheka. Kesho yake akamwita tena. Halafu likawa ndilo jina. Bungala, leta boksi. Bungala, zima mashine. Mokaya alijaribu kutoitika, wakadhani joto limemharibu masikio. Alijaribu kusema, "Naitwa Mokaya," wakamwambia asiwe na moyo mdogo, ni mapenzi tu. Ikafika siku mfanyakazi mgeni, Mvietinamu aliyeanza kazi asubuhi ile, akamwinamia kwa heshima akamwamkia kwa Kikorea, "Shikamoo, bwana Bungala." Yule hakuwa na mzaha wowote. Alidhani ndilo jina lake.

Lilifika na hospitali. Sikudhani alikuwa amemsindikiza mama mmoja wa Shinyanga, Nyanjige, ambaye mimba yake ilikuwa kubwa na mtoto alikuwa ameacha kucheza. Daktari alitazama kipimo kwa muda mrefu, kisha akasema alilopaswa kusema. Sikudhani akamshika Nyanjige mkono, akatafuta maneno ya Kiswahili, akayapanga polepole. "Pole, mama. Moyo wa mtoto umesimama." Upande wa pili wa pazia palikuwa na wauguzi wawili wanafunzi. Hawakuona kitu, walisikia lugha tu. Mmoja akanong'ona, "bungala, bungala," na mwenzake akacheka ndani ya kiganja.

Nyanjige akainua uso. "Dada, wanacheka nini?"

Sikudhani, ambaye hakuwahi kukosa neno kwa lugha yoyote, akasema, "Wana mambo yao."

Basi, wasikilizaji wangu, sikilizeni walivyofanya.

Wa kwanza alikuwa Mokaya. Alimwomba Sikudhani amwandikie bango kwa Kikorea: Jina langu ni Mokaya. Mengine hakutaka. Kila siku ya mapumziko alipanda treni hadi Seoul, akasimama mbele ya kituo kile cha televisheni na bango kifuani. Ilikuwa majira ya baridi. Wengine walimpita kama nguzo. Vijana walisimama kando yake wakapiga picha huku wamepindisha miguu kama Bungala. Mwanamke mzee muuza samaki alimtia mfukoni kile kipakiti chao kinachotoa joto, akaenda zake bila kuuliza lolote. Theluji ilimmwagikia mabegani naye hakuikung'uta. Aliyefanya kazi ndani ya jengo lile hakuweza kuingia wala kutoka bila kumwona. Lakini kuonekana siyo kusikika, na wiki zikapita.

Ndipo Sikudhani akatumia ulimi wake. Kulikuwa na kipindi cha redio ambacho wasikilizaji hupiga simu kupiga soga. Alipiga. Mtangazaji alisikia ile lafudhi akachangamka, wakaongea habari za matunda ya persimoni ya Jeolla na jinsi yanavyokaushwa darini. Mtangazaji akamuuliza, "Na siku hizi unatazama nini, dada? Umemwona Bungala?"

"Nimemwona. Simpendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ndiye anayeigizwa."

Kisha Sikudhani, bila kumtaja mtu wala hospitali, akasimulia habari za pazia na kicheko. Akamaliza hivi: "Nje ya kituo cha televisheni pana mtu anasimama kwenye theluji. Nendeni mkamsome kifuani."

Watu wakaenda. Waandishi wa habari nao wakaenda, na kwa mara ya kwanza kituo kikalazimika kujibu. Kikajibu kwamba Bungala ni kiumbe wa kubuni kutoka kisiwa kisichokuwapo duniani, na kwamba hahusiani na taifa wala rangi yoyote. Kikaongeza kwamba wageni wenyewe ndio waliojiona ndani yake. Jibu hilo liliwaridhisha wengi. Mambo yakaanza kupoa, na wengine wakasema wageni wanaudhika haraka.

Akabaki Byamungu. Alikuwa na ile video ya somo la ngoma, na ndani yake Pyo anauliza kwa mdomo wake kama hivi ndivyo watu wa Afrika wanavyocheza. Alijua akiitoa, kisiwa cha kubuni kitazama. Alijua pia kwamba kila mtu ataona ni nani aliyefundisha ule mchezo, na jinsi alivyokuwa akicheka alipofundisha. Alikaa nayo siku kadhaa. Kisha akaitoa.

Kisiwa kikazama. Kituo kikatangaza kwamba Bungala hatatokea tena.

Mngesema wameshinda. Lakini mtandaoni vipande vya Bungala vilibaki, vikazidi kutazamwa, kwa kuwa sasa watu walitaka kujua kelele ni za nini. Na kila mmoja wa watatu alilipia. Mwenye kiwanda hakumtukana Mokaya. Mkataba ulipokwisha hakuuandika upya, basi, na kwa kuwa kibali chake cha kuishi kilifungamana na kazi ile, ilimpasa aondoke nchini baridi ikiisha. Wazee waliomsikia Sikudhani kwenye simu sasa waliijua ile sauti ya redioni, wakaomba kwa upole wapewe Mkorea halisi. Byamungu aliitwa na Waafrika wenzake muuza ngoma. Wanafunzi wake wakapungua hadi ukumbi ukafungwa, wala hawakuondoka kwa chuki. Watoto waliona haya kumtazama.

Siku moja Noh akaja mwenyewe dukani kwa yule Mghana, akakalia gunia la mchele, magoti pamoja.

"Wakubwa wangu wamekubali Pyo aombe radhi," akasema. "Katika kipindi kilekile. Atainama mbele ya mgeni mmoja kutoka Afrika. Mgeni atajibu kwamba amesamehe. Kisha watacheza pamoja kidogo, ili watazamaji wasibaki na huzuni."

"Mgeni mmoja," Sikudhani akasema.

"Mmoja."

"Sisi tu watatu, na unatujua."

"Nilisema watatu, Bi Sikudhani. Nilisema mara nyingi. Wakaniambia watatu wataonekana kama maandamano."

Mokaya akauliza, "Na asipokwenda mtu?"

Noh akatazama mikono yake. "Pyo atainamia kiti kitupu, na itasemwa kwamba mgeni alialikwa akakataa."

"Na mtu akienda, lakini asiseme amesamehe?"

"Wanaweza kukata. Hakirushwi moja kwa moja." Akainuka, akawainamia wote. "Nilipigania zaidi ya hapa. Hiki ndicho nilichopata."

Alipoondoka, mwenye duka akajifanya anapanga makopo. Wa kwanza kusema alikuwa Mokaya, jambo lililowashangaza wenzake.

"Nataka niende mimi," akasema. "Mtu yule alinivua jina. Naondoka nchi hii, na huko kiwandani nitakumbukwa kwa jina ambalo mama yangu hakunipa. Nataka anitazame aseme Mokaya. Sina haja nyingine."

"Kaka, wewe alikunyang'anya," Byamungu akasema. "Mimi nilimpa. Nilimpa kitu cha shangazi zangu kwa mikono yangu miwili. Mwenye kutoa ndiye mwenye kurudishiwa."

"Ukiingia mle watakuchezesha."

"Na wewe je?"

"Mimi sijui kucheza."

"Watakufundisha, kaka. Mimi nilimfundisha yeye kwa mchana mmoja."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Sikudhani hakucheka.

"Ninyi wawili mtakaa pale mkingoja mtu wa kuwatafsiria," akasema. "Mimi nitamjibu kwa lugha ya mama yake. Nitamwambia sijasamehe, tena kwa heshima zote za Kikorea, asipate pa kushika kwamba nimekosa adabu."

"Watakata," Byamungu akasema.

"Wakate. Yeye atakuwa amesikia."

Mokaya akafikiri. "Na kama yuko anayestahili kuliko sisi sote?"

Sikudhani alijua anayesemwa ni nani. "Nilimpigia," akasema. "Nyanjige alirudi Shinyanga. Aliniambia, dada, radhi ya mtu huyo nitaiweka wapi?"

Hawakuamua siku hiyo. Hawakuamua kesho yake. Siku ya kurekodi walipanda treni wote watatu, wakaambiana kwamba wataamua njiani, na njia ikaisha wakiwa wanatazama dirishani.

Noh aliwapokea chini, akawapitisha kwenye korido ndefu hadi nje ya mlango wa studio. Mkononi alishika beji ya mgeni yenye kamba ya kuvaa shingoni. Ilikuwa moja. Kwa ufa wa mlango waliona kiti kimoja kimewekwa chini ya taa, na jukwaani kijana anajaribu muziki wa ngoma kwenye spika, wa ngoma ambayo hakuna aliyeitambua.

Pyo Gitae akatokea kwenye chumba cha vipodozi. Bila ile rangi alikuwa mtu mdogo, mweupe wa uso, ameingiziwa karatasi laini kwenye kola ili poda isimchafulie shati. Alipomwona Byamungu alisimama ghafla. Akainama mpaka kichwa kikakaribia magoti, akasema, "Mwalimu." Byamungu alisema baadaye kwamba haukuwa uigizaji. Yeye anaujua mwili, na ule mwili ulikuwa umeaibika kweli. Kisha Pyo akawainamia Mokaya na Sikudhani vilevile, chini kabisa.

Akainuka, akamsogelea Noh, akanong'ona akiamini hasikiki, "Ni yupi kati yao? Niambie mapema nisije nikakosea."

Mokaya akamgeukia Sikudhani. "Amesema nini?"

"Anauliza ni yupi," Sikudhani akasema.

Ndani mtu akaita kwamba taa ziko tayari, mgeni aingie. Pyo akatangulia. Noh akabaki ameshika mlango kwa bega, mkono umenyooka na beji inaning'inia, na macho yake yanaomba radhi kwa mambo ambayo hayakuwa makosa yake. "Tafadhali," akasema. "Nani?"

Hapo ndipo aliyenisimulia aliponiachia, nami ndipo ninapowaachia. Nimekwisha kuwasimulia watu wengi kisa hiki, na sijaona waliokubaliana. Wapo wanaosema ni Mokaya, kwa kuwa bila yeye kusimama kwenye theluji hakuna ambaye angetazama, na ndiye anayeondoka. Wapo wanaosema ni Sikudhani, kwa kuwa bila sauti yake Mokaya angesimama pale hadi leo, na ndiye pekee ambaye hawezi kuchezewa kwa maneno. Wengine husema ni Byamungu, kwa kuwa bila video yake kisiwa cha kubuni kingekuwapo bado, na ngoma ni ya shangazi zake. Wengine humkatalia huyohuyo kwa sababu hiyohiyo. Mzee mmoja aliniambia asiingie mtu yeyote, warudi nyumbani kwa heshima yao. Mkewe akamwuliza ni nani basi atakayekisemea kile kiti.

Radhi ni moja, na hata hiyo atakayeingia huenda akatoka nayo imekatwa vipande. Wenye kuistahili ni watatu, bila kumhesabu aliyeko Shinyanga. Taa zimewashwa, Pyo amekwisha kusimama mahali pake, na mkono wa Noh umeanza kuchoka.

Ile beji, wewe ungemvisha nani?